Ufundi wa Kulitunza Jina

Kati ya tarehe 28 na 29 Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda na kuingia wilaya ya Ngara, Tanzania, wote ndani ya siku moja hivi. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilikiri kwamba halijawahi kuona umati mkubwa namna ile ukihama kwa kasi ile. Wakapokelewa Benaco, mahali palipobakiwa na jina la kampuni ya ujenzi wa barabara, na baadaye zikafunguliwa kambi nyingine: Lumasi, Musuhura, Lukole. Mama alikuwa kilima hiki, mwanawe kilima kile, na katikati yao maelfu ya mahema yanayofanana. Nyumba, shamba na vyeti vilikuwa vimeachwa nyuma. Alichobaki nacho mtu cha kumtambulisha ni jina.

Mwaka huohuo BBC ilianzisha kipindi cha Kinyarwanda na Kirundi kilichoitwa Gahuzamiryango, na kazi yake kubwa mwanzoni ilikuwa kusoma majina. Fulani, mtoto wa fulani, wa kijiji fulani, yu hai na anamtafuta kaka yake. Watu walikizunguka kiredio kimoja cha betri na kunyamaza kimya, kwa sababu jina likishapita limepita. Lakini hao hao waliokuwa wakisikiliza walikuwa wametoka katika nchi ambako redio nyingine, RTLM, ilisoma majina kwa nia tofauti kabisa: nani anaishi wapi, nani anaendesha gari lenye namba gani, ili wauaji wasihangaike kumtafuta. Tarehe 3 Desemba 2003, pale Arusha, Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda iliwatia hatiani Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza kwa ajili ya redio hiyo, pamoja na Hassan Ngeze, mhariri wa gazeti la Kangura. Kipaza sauti na kalamu vilihukumiwa mahakamani, na hukumu ilitolewa kwenye ardhi ya Tanzania.

Sijui wilaya nyingine Tanzania iliyoona kwa ukaribu kama Ngara kwamba jina linalotangazwa linaweza kumrudisha mtoto kwa mama yake, na jina linalotangazwa linaweza kumpeleka mtu kaburini. Ndiyo maana nikitaka kueleza ufundi wa waandishi ninaowaheshimu kuliko wote Afrika Mashariki, wale wanaoandika maisha ya wapenzi wa jinsia moja na ya watu waliobadili jinsia katika miji yetu, naanzia hapa. Kazi yao yote imejengwa juu ya swali moja ambalo Ngara inalijua: jina hili nilitaje, au nilitunze?

Wapo waliolijibu vibaya, na hawako mbali nasi. Ukitoka Biharamulo, jirani na Ngara, ukapanda kaskazini hadi Mutukula, umefika Uganda. Oktoba 2010, gazeti moja la Kampala lililojiita Rolling Stone, ambalo halikuwa na uhusiano wowote na jarida la Marekani lenye jina hilo, lilichapa picha, majina na mahali wanapoishi watu liliodai ni mashoga, likiambatanisha wito wa kuwanyonga. Watatu kati yao, David Kato, Kasha Jacqueline Nabagesera na Pepe Julian Onziema, walikwenda Mahakama Kuu. Januari 2011 jaji aliamua kwamba gazeti limevunja haki yao ya utu na ya faragha, akalizuia kuendelea, na akaamuru kila mmoja alipwe shilingi za Uganda 1,500,000. Tarehe 26 ya mwezi huohuo Kato aliuawa nyumbani kwake, Mukono. Kesi ya mauaji iliendeshwa peke yake na mtu mmoja akafungwa. Lakini hakuna anayeyafahamu maisha ya Kato anayeweza kusahau kwamba miezi yake ya mwisho aliiishi huku uso wake na jina lake vikiwa vimeshauzwa barabarani.

Kwetu, Oktoba 2018, mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam wakati huo, Paul Makonda, aliwaomba wananchi hadharani wampelekee majina ya mashoga. Siku chache baadaye alisema amepokea maelfu ya ujumbe na majina zaidi ya mia moja. Wizara ya Mambo ya Nje ikatoa tamko kwamba hayo ni mawazo yake binafsi, si msimamo wa serikali. Majina yalikuwa yameshatumwa. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, ambacho mizizi yake ni sheria za mkoloni Mwingereza, kinampa anayepatikana na hatia kifungo kisichopungua miaka 30 hadi kifungo cha maisha. Katika nchi yenye kifungu hicho, kumtaja mtu ni kumkabidhi.

Sasa tuwatazame waliolijibu swali hilo vizuri, tena bila haraka, kwa sababu uzuri wa kazi yao umo katika mambo madogo.

Kevin Mwachiro ni mwandishi wa Kenya aliyewahi kuiripotia BBC. Yeye mwenyewe ameshasema hadharani kwamba anapenda wanaume wenzake. Mwaka 2011 alikuwa miongoni mwa walioanzisha tamasha la filamu la Out mjini Nairobi, na mwaka 2013, kwa msaada wa Goethe-Institut, alichapisha kitabu kiitwacho Invisible, mkusanyiko wa simulizi za Wakenya wapenzi wa jinsia moja. Tazama alipoweka majina. Jina lake liko kwenye jalada, wazi, mtu yeyote analisoma dukani. Wale waliomsimulia walilindwa. Mwandishi ametanguliza jina lake mbele kama dhamana, ili ya wenzake yakae salama nyuma. Gazeti la Kampala lilifanya kinyume kabisa: liliwaanika wasiotaka kuonekana.

Utaratibu huohuo unaonekana kwa kikundi cha The Nest cha Nairobi. Walizunguka Kenya wakirekodi watu, mahojiano zaidi ya 250, na kutokana nayo wakatengeneza filamu ya Stories of Our Lives, iliyopigwa kwa rangi nyeusi na nyeupe, yenye visa vifupi vitano. Sauti za waliosimulia hazisikiki humo wala nyuso zao hazionekani. Waigizaji ndio waliobeba maneno yao. Filamu ilipokwenda kuonyeshwa Toronto, Septemba 2014, walioitengeneza walikuwa hawajajitaja bado, kwa kuhofia usalama wao. Huko huko Toronto, Jim Chuchu, George Gachara na Njoki Ngumi wakaamua kujitaja. Mwezi uliofuata bodi ya filamu ya Kenya ikaipiga marufuku, na Gachara akakamatwa. Kwa hiyo walipotoa majina yao walijua bei yake, na wakailipa wao. Hakuna hata mmoja kati ya waliosimulia aliyelipishwa.

Na Uganda, yule yule Kasha Nabagesera aliyeanikwa na gazeti akaenda kuanzisha jarida lake. Februari 2014, siku moja tu baada ya Rais Museveni kutia saini sheria kali dhidi ya ushoga, gazeti la Red Pepper lilichapa orodha nyingine, likidai ni ya watu 200. Mahakama ya Katiba iliifuta sheria hiyo Agosti mwaka huo. Desemba, Nabagesera akatoa jarida la Bombastic, lililogawiwa bure, ambamo makuchu, kama wanavyojiita wenyewe kule Uganda, waliandika maisha yao kwa kalamu zao. Mtu aliyechapwa bila ridhaa akawa mchapishaji anayeomba ridhaa kwanza. Kwangu mimi hilo ndilo jibu bora zaidi lililowahi kutolewa kwa Rolling Stone la Kampala, bora hata kuliko hukumu ya mahakama.

Lakini Nairobi na Kampala ni miji mikubwa. Ukiondoa jina la mtu, mara nyingi umeshamficha. Ufundi huu unapimwa sawasawa ukiuleta kwenye miji midogo kama Ngara na Biharamulo, ambako jina ndilo kitambulisho dhaifu kuliko vyote.

Tuseme mwandishi amezungumza na mwalimu mmoja wa sekondari. Nyumbani anaandika aya yake ya kwanza: mwanamume wa miaka thelathini na nne, anafundisha hesabu, anaishi jirani na boma la Mjerumani pale Biharamulo, ana pikipiki nyekundu, anaimba sauti ya tatu kwaya ya kanisa, na ana rafiki dereva wa lori anayepita kuelekea Rusumo. Hakuna jina. Lakini mtu yeyote wa Biharamulo akiisoma aya hiyo, kabla hajafika kwenye nukta ya mwisho anajua ni nani. Kila neno lililoandikwa kwa ajili ya kumfanya mwalimu aonekane hai limegeuka kidole kinachomnyooshea.

Mwandishi mzembe ataona njia mbili. Ya kwanza ni kufuta kila kitu na kubaki na "mkazi mmoja wa mkoa wa Kagera", kiumbe asiye na kazi, asiye na wimbo, asiye na mtu anayempenda. Huyo hatamgusa msomaji yeyote. Ya pili ni kubuni: mwalimu awe fundi cherehani, Biharamulo iwe Shinyanga, kwaya iwe timu ya mpira. Hapo mtu amelindwa, lakini msomaji amedanganywa, na atakayekuja baada ya miaka hamsini kutafuta ukweli wa maisha ya Biharamulo ataokota uongo uliopangwa vizuri.

Mwandishi fundi anachukua njia ya tatu, nayo ni ndefu. Anarudia rekodi mara nyingi akijiuliza swali moja kwa kila jambo: hili linasema yeye ni nani, au linasema yeye yukoje? Pikipiki nyekundu inasema ni nani, inatoka. Mtaa unatoka. Somo analofundisha linatoka, ualimu wenyewe unapimwa: walimu wako wangapi wilayani? Wengi, basi huenda unabaki. Halafu anarudi kwenye yale yanayosema mtu yukoje. Kwamba huwa anajibu simu ya rafiki yake akiwa ametoka nje, hata mvua ikinyesha. Kwamba hajawahi kupiga picha na mtu anayempenda. Kwamba mama yake humwekea sahani ya pili mezani kwa ajili ya mke ambaye hajaletwa. Hayo hayamtambulishi kwa jirani yeyote, na bado ukiyasoma unamwona mtu mzima ameketi mbele yako. Hakuna lililobuniwa. Kilichopo ni kweli tupu, na kisichokuwepo kimeachwa kwa makusudi, na mwandishi amemwambia msomaji waziwazi kwamba kuna mambo ameyaacha.

Kisha anafanya jambo ambalo wengi hulikimbia: anamsomea mwenyewe. Si kumtumia kwa simu, maana simu huazimwa na simu hukaguliwa. Anakwenda, anaketi, anasoma kwa sauti, na anatazama uso. Anayesimuliwa ndiye anayejua hatari iliko. Siri ya mtungi aijuaye kata. Mwandishi anaweza kudhani sahani ya pili mezani haina madhara, kumbe mama ameshawahadithia wanawake wenzake wa jumuiya, na sahani hiyo inajulikana mtaa mzima. Basi nayo inatoka, hata kama ndiyo sentensi bora kuliko zote alizoandika mwaka huo. Mwandishi anayeweza kuifuta sentensi yake bora kwa sababu ya usalama wa mtu mmoja asiyejulikana ndiye ninayemwita fundi.

Redioni kazi ni ngumu zaidi, kwa kuwa sauti yenyewe ni jina. Kihangaza, lugha ya wenyeji wa Ngara, na Kirundi ni lugha ndugu, na sikio la mtu wa mpakani ni kali: maneno mawili matatu yanatosha kujua msemaji katoka upande upi. Ndiyo maana walio makini humwazima msimulizi mdomo wa mtu mwingine, kama The Nest walivyotumia waigizaji. Anayesoma maneno ya mwenzake inabidi azuie uigizaji wake. Akilia pale ambapo mwenyewe hakulia, amemdhulumu. Mwachiro amefanya kazi ya aina hiyo kwa miaka katika Nipe Story, anakosoma kwa sauti hadithi fupi za waandishi wa Afrika. Zile ni hadithi za kubuni, lakini nidhamu ni ileile: sauti yangu, maneno yako, na mimi nisikae katikati.

Ngara ina shule yake ya nidhamu hiyo. Mwaka 1995 shirika la Wajesuiti la kuhudumia wakimbizi lilianzisha Redio Kwizera, na Kwizera ni matumaini. Ilitangaza kwa Kiswahili, Kirundi na Kinyarwanda, ikisikilizwa na mkimbizi hemani na mwenyeji shambani kwa wakati mmoja. Fikiria uzito wa sentensi moja katika mazingira hayo. Habari ya kuni: mwenyeji anasikia miti yake inakatwa, mkimbizi anasikia watoto wake wanalala bila chakula kuiva. Ukiitamka vibaya, kesho kuna mapanga msituni. Mtangazaji alilazimika kusema kweli ambayo pande zote mbili zingeweza kuisikiliza mpaka mwisho. Desemba 1996 Wanyarwanda walipoamriwa kurudi kwao kabla ya mwaka kwisha, redio ilibaki, na leo wenyeji wa Kagera na mikoa ya jirani wanaihesabu kuwa yao.

Mwandishi ninayemzungumzia ana wasikilizaji watatu, si wawili. Wa kwanza ni kijana aliye peke yake, anayesoma na kugundua kwamba hayuko peke yake. Wa pili ni mama, shangazi, mchungaji, mwenyekiti wa kitongoji, mtu mwema ambaye hajawahi kusikia habari hizi isipokuwa kwa matusi. Wa tatu ni yule anayepekua mistari akitafuta wa kumtaja. Sentensi nzuri humfariji wa kwanza, humfikia wa pili, na wa tatu humwacha mikono mitupu. Kuandika sentensi ya kumridhisha mmoja kati ya hao ni rahisi. Kuziandika kurasa nyingi zinazowatosha wote watatu ni kazi ya miaka.

Kagera imewahi kujifunza kwa uchungu gharama ya kukosa ufundi huu. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa Tanzania walitambuliwa mkoani humu mwaka 1983. Kabla watu hawajajua ugonjwa ni nini, walishaanza kunyoosheana vidole: yule kakonda, yule alikuwa na mfanyabiashara wa Uganda, yule kazikwa haraka. Walioutibu mkoa wakagundua kwamba mtu hatakwenda kupima mahali ambapo jina lake litavuja. Usiri wa mpimwaji ukawa sehemu ya dawa. Anayeandika habari za wapenzi wa jinsia moja leo anatumia kanuni ileile, na kwa sababu ileile: bila ulinzi hakuna atakayesema kweli, na bila kweli tunabaki na umbea.

Kuna mvutano mmoja ambao waandishi hawa hawawezi kuukwepa, nao ndio unaowafanya kuwa wanahistoria. Ulinzi unataka mahali na tarehe zifutwe. Historia inataka mahali na tarehe ziandikwe. Historia ya Biharamulo tuliyonayo inajua kwamba boma lilijengwa na Wajerumani mwaka 1902. Historia ya Ngara inajua idadi ya waliovuka Rusumo. Hakuna inayojua wanawake wawili walioishi nyumba moja na kuzeeka pamoja waliitwaje na majirani, wala vijana wa kwenye stendi ya malori waliishije enzi za kambi. Watu hao hawakuhamia hapa kutoka Ulaya. Wamezaliwa katika migomba hii hii, wamebatizwa na kusilimu hapa, na wengine wamezikwa hapa bila mtu kuuliza.

Fundi huutatua mvutano huo kwa madaftari mawili. La kwanza ndilo linalochapishwa, lililochujwa kama nilivyoeleza. La pili lina kila kitu, nalo hufungiwa mahali salama kwa masharti waliyokubaliana yeye na msimulizi: lifunguliwe baada ya miaka kadhaa, au baada ya mimi kufa, au lisifunguliwe kamwe. Johannesburg iko hifadhi ya aina hiyo, GALA, iliyoanzishwa mwaka 1997, inayotunza barua, picha na rekodi za wapenzi wa jinsia moja wa Afrika Kusini. Kwa mpango huo msimulizi halindwi kwa kufutwa. Analindwa kwa kuwekewa muda, na anabaki na haki ya kujulikana siku anayoitaka yeye.

Kumtaja mtu hakuhitaji ujuzi wowote. Gazeti linaweza, mkuu wa mkoa anaweza, jirani mwenye simu anaweza, na hufanyika kwa dakika moja. Kulitunza jina na bado kumleta mwenye jina mbele ya msomaji akiwa mtu kamili hufundishwa, hufanyiwa mazoezi, na hugharimu pesa na muda ambao mwandishi wa kujitegemea mara nyingi hana. Kwa hiyo heshima yangu kwa kina Mwachiro, The Nest na Nabagesera haiwezi kuishia kwenye sifa. Vyuo vyetu vya uandishi wa habari vifundishe kazi zao kama vinavyofundisha namna ya kuandika kichwa cha habari. Redio za jamii, ambazo zimekwisha kujua kuzungumza na pande mbili kwa sentensi moja, ziwape waandishi wao vijana muda wa kurudi kwa msimulizi na kumsomea. Na mhariri anayeletewa habari isiyo na jina wala mtaa asiirudishe akisema haina uzito kabla hajauliza ni kitu gani kimeachwa, na kimeachwa kwa ajili ya nani.